Jina Tulilompa Mtoto



Kila mara tunapomaliza mafundisho ya wazazi wanaotayarisha ubatizo wa watoto wao, hubaki mmoja nyuma mpaka wenzake waondoke. Kisha husema kwa sauti ndogo: «Mwalimu, jina tulilompa mtoto, sina hakika nalo.» Huyu alimpa binti yake jina la marehemu bibi mzaa baba, naye aogopa asije akarithi taabu zake. Yule alijifungua njiani wakati wa kukimbia vita, mtoto akaitwa Mateso, na sasa kila akimwita moyo unamchoma. Mwingine alichagua jina kwa sababu lilipendeza masikioni, na wazee wa ukoo wamenuna. Ninyi mtakuwa wazazi kesho, na wengine mmekwisha kuwa. Ndiyo maana tumeona vema kuwakumbusha historia, kwa kuwa nchi yetu imepita katika mashaka hayo.

Kwa mababu wetu wengi jina lilimngoja mtoto kabla hajazaliwa. Kwa Wanande, mwana wa pili wa kiume ni Kambale, na wa tatu ni Kasereka. Kwa Wakongo, mapacha ni Nsimba na Nzuzi, na anayewafuata ni Nlandu. Kwa Waluba wa Kasai, mapacha ni Mbuyi na Kabanga, na anayewafuata ni Kanku. Mzazi hakuwa na sababu ya kukesha akiwaza. Jina lilimwambia mtoto: nafasi yako katika jamaa ni hii, tulikuwa tunakungoja.

Halafu yakaja majina kutoka mbali. Mwaka 1491 mfalme wa Kongo, Nzinga a Nkuwu, alibatizwa akaitwa João, kama mfalme wa Ureno wa wakati ule. Mwanawe Mvemba a Nzinga akaitwa Afonso. Baba aliurudia mwenendo wa zamani baada ya miaka michache, lakini mwana alishika imani mpaka kufa kwake. Maji ya ubatizo yalikuwa yale yale, maisha yakawa mawili. Na jina lile la kigeni, Dom Afonso, lilizoea vinywa vya Wakongo hata likawa Ndofunsu. Leo ni jina la jamaa nyingi, wala hakuna anayeliona kuwa geni.

Sisi wenye miaka hamsini na zaidi tulizaliwa karibu na siku ambazo majina yaliingia katika siasa. Oktoba 1971 nchi iliitwa Zaire. Januari 1972 Rais Joseph-Désiré Mobutu aliliacha jina lake la ubatizo, akajiita Mobutu Sese Seko, na raia wote wakaamriwa kufanya vivyo hivyo kwa ajili ya «uhalisi» wa Kiafrika. Padri aliyembatiza mtoto kwa jina la Kizungu alitishiwa kifungo. Kardinali Joseph Malula, Askofu Mkuu wa Kinshasa, hakukubali serikali iingie mpaka kwenye kisima cha ubatizo, na ugomvi ule ukamlazimisha kukaa Roma kwa miezi kadhaa. Tuliangalie jambo hili vizuri. Malula hakuwa mtetezi wa majina ya Kizungu. Ndiye aliyefanya kazi kuliko wengi ili Kanisa letu liwe la Kiafrika, na misa tunayoiadhimisha kwa ngoma na kwa kuwaita mababu wenye moyo mnyofu, iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988, ina jasho lake. Alichokataa ni amri. Jina linatolewa kwa upendo. Halitolewi kwa kutisha watu.

Wazazi wetu walifanya nini? Wengi walichukua jina la pili la ukoo na kuliweka mahali pa lile lililokatazwa. Jina la mtakatifu halikufa: liliitwa nyumbani, kanisani na wakati wa sala ya jioni. Amri ile ilipolegea mwaka 1990, majina ya ubatizo yakarudi hadharani. Basi mnapojaza karatasi ya shule na kukuta nafasi tatu, nom, postnom na prénom, mjue kwamba mnasoma historia ya wazazi wenu.

Sasa tumtazame Mwenyeheri Anuarite. Alizaliwa Wamba mwaka 1939. Jina lake la nyumbani lilikuwa Nengapeta, na la ubatizo Alphonsine. Siku ya kuandikishwa shuleni, jina la dada yake, Anuarite, liliandikwa kuwa lake kwa makosa, naye akabaki nalo. Alipoweka nadhiri za kitawa akaitwa Marie-Clémentine. Tarehe 1 Desemba 1964 aliuawa Isiro kwa sababu alikataa kuvunja nadhiri yake. Na tarehe 15 Agosti 1985 Papa Yoane Paulo wa Pili alipomtangaza Mwenyeheri kule Kinshasa, nchi nzima iliimba jina lililotokana na kosa la daftari. Wasichana wangapi leo wanaitwa Anuarite! Kosa la mwandishi halikumzuia Mungu kumjua binti yake.

Hapa ndipo tunapotaka mfike. Jina si hirizi, wala si hukumu. Kuogopa kwamba mtoto atateseka kwa sababu jina la marehemu lilikuwa na mateso si imani ya Kristu. Lakini kama jina ni mzigo kweli, Maandiko hayamfungi mzazi. Raheli, akikata roho, alimwita mwanawe Benoni, mwana wa uchungu wangu. Yakobo akamwita Benyamini. Hakudharau machozi ya mkewe. Alikataa tu mtoto abebe kifo cha mama yake kila aitwapo. Na Elizabeti aliposema mtoto ataitwa Yohane, ndugu walipinga kwamba hakuna wa ukoo mwenye jina hilo. Zakaria akaliandika kwenye kibao, na neno likaisha. Baba na mama walikuwa na sauti moja.

Kanisa nalo linaomba tu kwamba jina lisiwe geni kwa fikra ya Kikristo. Furaha, Neema na Mugisho hayana kosa. Kwa mama wa Mateso tunashauri aongeze jina la ubatizo lenye tumaini, na aanze kumwita kwa hilo tangu leo. Akitaka kubadilisha maandishi ya serikali, sheria ya jamaa yaruhusu kwa njia ya mahakama, kukiwa na sababu ya haki.

Kabla ya kumpa mtoto jina, basi, ketini wawili, sikilizeni wazee, salini. Na likiisha kutolewa, liiteni kwa upole. Mtoto hujifunza maana ya jina lake kwa sauti ya yule anayemwita.

Tujiulize katika kundi letu: Nani alitupa majina yetu, na kwa sababu gani? Je, tumekwisha kumshukuru?