Bustani ya Jeevanjee na Umma Wake

Bustani ya Jeevanjee, iliyo katikati ya Nairobi baina ya Barabara ya Moi na Mtaa wa Muindi Mbingu, ilitolewa kwa wakazi wa mji huo mwaka 1906 na Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara mzaliwa wa Karachi aliyejipatia mali kwa kandarasi za Reli ya Uganda, zikiwemo za kuleta vibarua kutoka Bara Hindi na kuwapatia chakula. Reli ilikuwa imefika Nairobi mwaka 1899 tu, na tayari ardhi ilikuwa ikigawanywa kwa kufuata rangi ya mtu. Kwa hiyo zawadi ya Mhindi aliyesimamisha bustanini sanamu ya Malkia Victoria, iliyozinduliwa na Duke wa Connaught, mwana wa malkia huyo, haiwezi kuhesabiwa kuwa ukarimu mtupu. Ilikuwa pia hoja ya kisiasa, kwamba Wahindi, waliozuiwa kumiliki mashamba katika nyanda za juu zilizotengewa walowezi wa Kizungu, walikuwa raia watiifu wa himaya waliostahili haki sawa. Jeevanjee aliendelea kuitetea hoja hiyo hata alipokuwa Mhindi wa kwanza kuteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria, ingawa nyanda hizo hazikufunguliwa maishani mwake.

Waafrika hawakuwamo katika mabishano hayo, kwa kuwa utawala uliwahesabu kuwa wapita njia mjini, na tangu miaka ya 1920 kila mwanamume wao alilazimika kubeba kipande, yaani hati ya utambulisho na ya kazi iliyotiwa katika kijaluba cha bati na kuning'inizwa shingoni.

Baada ya uhuru, bustani yenyewe iliingia hatarini. Mwaka 1991 ulizuka mpango wa kujenga hapo maegesho ya magari ya ghorofa kadhaa, nao ukapingwa na jamaa za mtoaji, akiwemo mjukuu wake Zarina Patel, pamoja na mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai, ambaye miaka 2 kabla alikuwa amepinga mnara wa ghorofa 60 katika Bustani ya Uhuru. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka na ngumu kujibiwa: kilichotolewa kwa umma si cha serikali kukigawa. Mpango huo uliachwa.

Walioirithi bustani kwa matumizi ni wahubiri wa mchana, vibarua wanaopumzika, na hasa Bunge la Mwananchi, baraza lisilo rasmi lililoota mizizi hapo katika miaka ya 1990, ambamo wasio na ajira, wachuuzi na wanafunzi hujadili kwa Kiswahili bei ya unga, katiba na ufisadi, huku baadhi yao wakiwahi kukamatwa na polisi. Sanamu ya Victoria iliangushwa na kukatwa kichwa mwaka 2015. Mijadala, ambayo mtoaji hakuitarajia wala kuitolea ruhusa, iliendelea hatua chache kutoka hapo.