MWANI UNAZAAJE, NA KWA NINI MBEGU ZINAKUFA BAHARI IKIPATA JOTO

Kila mtu huku Unguja anasema "mbegu za mwani zimekufa", lakini hiyo mbegu yenyewe ni kitu gani? Mimi nimeishia Form Four, si profesa, ila nimesoma na nimeuliza wanaolima. Ukishika jambo moja tu, shika hili: tunachokiita mbegu ya mwani si mbegu. Haya, twende.

1. MWANI WENYEWE
Mwani hauna mizizi wala maua, unanyonya chakula kwenye maji kwa mwili mzima. Zanzibar tunalima aina mbili, zote za jamii ya mwani mwekundu: spinosamu na kotonii. Ndani yake mna karajinani, kitu cha kugandishia dawa ya meno, aiskrimu na vingine kibao. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alifanya utafiti mapema, na mwaka 1989 kilimo cha biashara kikaanza Paje na Jambiani kwa mbegu zilizotoka Ufilipino.

2. UNAZAAJE?
Njia ya kwanza ni dume na jike. Chembe za kiume za mwani mwekundu hazina mkia, haziwezi kuogelea, zinasukumwa na maji mpaka zimkute jike. Mwaka 2022 watafiti walioko Ufaransa walionyesha kwamba, kwa aina moja ya huko kwao, wadudu wadogo wa baharini nao wanazibeba, kama nyuki kwenye maua! Mwisho zinatoka spora, chembe ndogo mno zinazonata kwenye mwamba na kuota. Watoto hawa hawafanani. Huyu anavumilia joto, yule hawezi.

Njia ya pili ni kipande. Unavunja tawi, unalifunga kwenye kamba kwa taitai, baada ya wiki sita hivi unavuna na kubakisha vipande vya kupandia tena. Hiyo ndiyo "mbegu" yetu. Hapo hakuna baba wala mama, ni mwani uleule unaendelea. Shamba zima ni kama pacha, na kinachomuua mmoja kinaweza kuwaua wote.

3. BAHARI IKIBADILIKA
JOTO: Mwani huu unastawi kwenye nyuzi 25 hadi 30. Mashamba yetu yako kwenye maji mafupi, kwa hiyo bamvua la kaskazi maji yakipwa na jua likiwaka, joto linapita hapo kabisa. Mwani unadhoofika, bakteria wanaingia, matawi yanakuwa meupe na kukatika. Ugonjwa huu unaitwa aisi-aisi.
MVUA: Masika ikimwaga kwa fujo, maji ya pwani yanapungua chumvi na mwani unadhoofika vilevile.
HEWA YA UKAA: Inaongeza asidi baharini. Baadhi ya mwani unaweza hata kuitumia kukua, ila haiusaidii kitu ukishachomwa na joto.

Mwani ukikatika, hujapoteza mavuno tu. Umepoteza na cha kupandia kesho.

4. NANI ANAUMIA
Kotonii inalipa karibu mara mbili ya spinosamu, na ndiyo isiyovumilia. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 imekufa sehemu nyingi za Unguja, watu wakabaki na spinosamu ya bei ndogo. Kati ya wakulima kumi, kama wanane ni wanawake. Shangazi yangu alisomeshea watoto kwa kotonii, siku hizi anafunga spinosamu tu, kamba zilezile, mgongo uleule, hela nusu.

5. SPORA NI KINGA?
Si kamili. Mwaka 2011 bahari ya Australia Magharibi ilipata joto la ghafla. Kule kuna misitu ya kelpi, mwani mkubwa wa kahawia unaozaa kwa spora. Msitu wa urefu wa kama kilomita 100 ulipotea. Wazazi walikufa, majani mafupi ya baharini yakafunika miamba, samaki wakala vichipukizi. Spora bila wazazi zitoke wapi?

6. DAWA YAKE
Dk. Flower Msuya amefanyia kazi nyavu za mirija, mwani unapandwa maji ya kina ambako joto halipandi sana. Tatizo, huko panataka boti na kuogelea, na kina mama wengi hawakufundishwa kuogelea.

Pia pwani yetu ina mwani wa asili wa jamii hizi, wenye vinasaba tofauti na wa Ufilipino. Humo ndimo pa kutafuta mama wa mbegu mpya zinazovumilia joto.

Kwa mtazamo wangu, kumgawia mkulima kamba na taitai kila mwaka bila mbegu mpya ni kumpa jembe mtu asiye na cha kupanda. Anzeni na mbegu, na boti, na masomo ya kuogelea.

Naomba kutoa hoja. Mwenye mama au dada anayelima Pemba, Bagamoyo au Mtwara, atuambie kotonii huko ikoje.