Chura wa Maabara: Elimu ya Ukuaji wa Kiumbe na Katazo la Kumuua



Watoto wanaosoma biolojia hurudi nyumbani na swali: Mtume (s.a.w.) amekataza kuua chura, mbona darasani tunatakiwa tumpasue? Swali lina msingi. Katika hadithi ya Abdur-Rahman bin Uthman (r.a.), waliyoitoa Abu Daud na An-Nasai, tabibu mmoja alimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu kumtia chura katika dawa, naye akamkataza kumuua. Zingatia kuwa muulizaji alikuwa tabibu, na alichouliza ni tiba. Hivyo haitoshi kusema katazo linahusu kula tu. Lakini si kila kazi ya maabara ni kuua, na hapa ndipo wengi wanapochanganya.

Chura anayetumiwa zaidi na wataalamu ni chura mwenye kucha wa kusini mwa Afrika, Xenopus laevis. Ndugu yake wa karibu, Xenopus victorianus, aliyepewa jina hilo mwaka 1924, ni wa kwetu: anaishi katika mabwawa na vinamasi vya ukanda wa Ziwa Victoria na mto Kagera, upande wa Rulenge na Ngara hadi Rwanda na Burundi. Kwa muda mrefu wawili hawa walihesabiwa kuwa aina moja. Ni chura bapa, hana ulimi, maisha yake karibu yote ni majini, na vidole vitatu vya kila mguu wa nyuma vina kucha nyeusi.

Anachotafutwa nacho ni mayai. Yai lake lina upana wa zaidi kidogo ya milimita moja, linaonekana kwa macho, na hukua majini nje ya tumbo la mama. Mtaalamu hukaa na hadubini yake akaliangalia: kama dakika 90 baada ya kurutubishwa hugawanyika mara mbili, kisha tena kila baada ya nusu saa hivi, na kwa siku mbili tatu kiluwiluwi kimetoka. Mtoto wa mnyama anayekua tumboni hawezi kutazamwa hivyo. (Chura wetu maarufu wa Kihansi hafai kwa kazi hii: hatagi, huzaa vichura vilivyokamilika.)

Umaarufu huu ulianzia Cape Town. Mwaka 1930 Lancelot Hogben alieleza kwamba chura jike akidungwa homoni ya tezi ya ng'ombe hutaga. Kutokana na hilo kikapatikana kipimo cha mimba: mkojo wa mwanamke hudungwa chini ya ngozi ya chura, na akitaga ndani ya saa chache, mwanamke ana mimba. Chura hakuuliwa, alirudishwa majini, akapumzishwa, akatumiwa tena. Kipimo hiki kilidumu hospitalini hadi miaka ya 1960.

Baadaye John Gurdon, huko Oxford, alichukua kiini cha seli ya utumbo wa kiluwiluwi akakipandikiza katika yai lililoondolewa kiini chake, akapata chura kamili. Matokeo aliyoyatangaza mwaka 1962 yalimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2012, pamoja na Shinya Yamanaka.

Tusifiche upande wa pili. Jike hutaga akabaki hai, lakini dume mara nyingi huuliwa ili zitolewe korodani zake za kurutubishia mayai. Ipo njia nyingine: wote wawili hudungwa homoni, wakaachwa wapandane majini wenyewe.

Kuhusu hukumu, katika madhehebu ya Shafi, wanayoyafuata wengi visiwani, chura ni haramu kuliwa, na An-Nawawi amemtaja kwa jina katika Minhaj. Wamaliki wanaruhusu kumla. Katika kumpasua kwa ajili ya masomo, wapo wanavyuoni wa zama hizi wanaoruhusu kwa haja ya kweli, kwa sharti asiteswe na pasiwe na badala yake. Wengine wanabaki na dhahiri ya hadithi. Mwanafunzi wa sekondari badala anayo mara nyingi: michoro, video, sanamu za plastiki. Mzazi azungumze na mwalimu mapema, kabla ya siku ya mazoezi, amweleze hadithi hii kwa upole na kuomba mtoto apewe badala hiyo. Anayeingia utafiti wa chuo kikuu aulize kwanza kama kazi yake ni ya mayai au ya kuua, kisha amwendee mwanachuoni na jibu hilo mkononi.