Usikimbilie kung'oa sensa ya oksijeni

Ndugu mkulima na mfanyabiashara, fundi akikuambia "itoe tu, gari litatembea", ni kweli litatembea. Ila faida ya mazao yako itaishia kwenye petroli.

Sensa hii ilizaliwa kwa sababu ya moshi. Mwaka 1970 Marekani ilipitisha sheria kali ya hewa safi. Kifaa cha kusafisha moshi kilihitaji mchanganyiko sahihi: kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Mwaka 1976 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ikatoa sensa ya kukaa kwenye ekzosi, na Volvo ikaifunga kwenye magari ya California.

Kazi yake ni ileile hadi leo. Ikikuta oksijeni nyingi kwenye moshi, kompyuta huongeza mafuta. Ikikuta kidogo, huyapunguza. Petroli yenye madini ya risasi iliiharibu haraka, lakini huku kusini mwa Sahara tuliachana nayo kufikia 2006.

Sensa ikifa, kompyuta hukadiria, na mara nyingi humwaga mafuta mengi. Ekzosi ikitoboka kabla ya sensa, hewa ya nje huidanganya vilevile. Kwa hiyo ziba tundu kwanza, pima gari kwa mashine, ndipo ununue sensa.