48MB: hesabu iliyowatesa wapiga picha

Leo naweka programu kando kidogo tuzungumze picha. Usijali, hesabu bado zipo.

Enzi za filamu, wakala wa kuuza picha aliingiza slaidi kwenye kompyuta kwa skana, na faili ya kama 50MB ndiyo iliyohesabiwa kuwa nzuri. Kwa nini 50? Chukua kurasa mbili za A4 zilizokaa pamoja, nukta 300 kwa kila inchi, baiti 3 kwa kila nukta. Piga hesabu utaipata hapo hapo. (Huo ni ukubwa wa picha ikiwa imefunguliwa. JPEG yake ni ndogo zaidi.)

Sasa njoo mwaka 2003. Canon wanatoa EOS 300D, kamera ya dijitali ambayo hata mtu asiye tajiri angeweza kuiota. Picha yake ni pikseli 3072 kwa 2048. Zidisha kwa baiti 3: 18MB kamili. Lakini Alamy, wakala wa Uingereza aliyeanza 1999, alikuwa akidai 48MB!

Watu walifanyaje? Waliivuta picha kwenye Photoshop, kila upande mara 1.63, na kompyuta ikakisia pikseli zilizokosekana. Na kumbuka kamera yenyewe tayari imekisia: kila kitundu cha kihisi hupokea rangi moja tu kati ya tatu, zile mbili zinakokotolewa kutoka kwa majirani. Kwa hiyo ni kisio juu ya kisio. Chembe ya vumbi kwenye kihisi nayo inavutwa, halafu mkaguzi anaitazama picha kwa asilimia 100. Picha moja ikianguka, fungu zima linarudishwa.

Mimi kama mwandishi wa programu naona ukaguzi wa macho ulikuwa wa haki, ingawa mkali. Kanuni ya 48MB ndiyo mbovu: ilipima kitu ambacho yeyote mwenye Photoshop angekibadilisha kwa dakika moja, tena kwa kuiharibu picha.

Shutterstock, walioanza New York 2003, walikwenda njia nyingine. Ukubwa wa kamera uliwatosha, lakini kwa miaka mingi mgeni alileta picha 10 na 7 zilibidi zipite. Hapa Kenya, kabla ya kebo ya SEACOM kufika Julai 2009, jaribu hilo kwa modemu ya simu: picha 10 za 3MB, kasi ya kupandisha 33.6k, ni karibu saa mbili laini isipokatika. Nne zikikataliwa, umelipia bure.

Alamy baadaye walishuka hadi 24MB, kisha 17MB. Yaani ile faili ya 300D, 18MB zake za mwaka 2003, leo inatosha kwa ukubwa bila kuongezwa hata pikseli moja.