Kabla ya Kapeti la Kibarazani, Mara Ilikalia Ngozi

Siku hizi ukitamka neno "mkeka" mbele ya kijana wa mjini, anachowaza ni timu zake sita za wikiendi, au ile orodha ya walioteuliwa usiku watu wakiwa wamelala. Mkeka wenyewe, ule wa kukalia, umebaki kwa bibi. Kibarazani limetandikwa kapeti la nyasi bandia, viti viwili vya chuma, ua kwenye ndoo iliyopakwa rangi, picha inapigwa, inaruka mtandaoni. Halafu mvua moja tu ya Aprili, kapeti linanuka kama soksi.

Nini kitandikwe nje ya nyumba? Watu wa Tarime na Serengeti wamelijibu swali hilo kwa zaidi ya karne moja, na jibu limekuwa likibadilika, mara nyingi kwa sababu ya mtu wa mbali aliyekuja na bei yake au sheria yake.

Jibu la kwanza lilikuwa ngozi ya ng'ombe. Mji wa Mkurya ulijengwa kuzunguka zizi, na ng'ombe ndiye aliyekuwa benki, mahari na chakula. Alipochinjwa, ngozi haikutupwa. Iliwambwa chini kwa vigingi ikakauka juani, kisha ikasuguliwa na kupakwa mafuta mpaka ilainike. Ilivaliwa, ililaliwa, na jioni ilitandikwa nje. Wazee walikuwa na vigoda vyao. Wanawake na watoto ndio waliokaa kwenye ngozi. Kazi ya kuitunza ilikuwa kubwa kuliko inavyodhaniwa. Ngozi ikinyeshewa kisha ikaachwa ikauke hovyo, inakakamaa kama bati, na harufu yake hamna mgeni wa kuivumilia. Wingu likitanda tu, inakunjwa, inaingia ndani.

Waswahili wanasema mwamba ngozi huvutia kwake. Mwishoni mwa mwaka 1901 alitokea mvutaji mkubwa kuliko wote: reli ya Waingereza kutoka Mombasa ilifika Ziwa Victoria, pale panapoitwa Kisumu leo. Upande huu wa mpaka alikuwa Mjerumani, lakini biashara haikujali. Ngozi za Kanda ya Ziwa zilipakiwa melini, zikavushwa hadi Kisumu, zikapanda treni, zikaenda Ulaya kuwa viatu na mikanda. Na Mjerumani alikuwa anadai kodi. Sasa mfikirie mwanamke yeyote wa enzi hizo, ambaye jina lake hakuna karani aliyeliandika. Ng'ombe amechinjwa nyumbani kwake, anaijua ngozi itakayolaza watoto wake wawili, na asubuhi anaiona inaondoka mgongoni mwa mtu kwenda kwa mchuuzi. Kilichorudi ni sarafu, nayo ikaishia kwenye kodi. Vitabu vya historia vimejaa habari za reli, lakini watoto waliolala chini hawamo.

Pengo hilo lilizibwa na vingi: mablanketi, magunia, na mikeka ya mafunjo. Mto Mara kabla ya kuingia ziwani unatapakaa kwenye kinamasi kikubwa kilichojaa mafunjo, na watu wa upande wa Rorya (iliyokuwa sehemu ya Tarime mpaka 2007) wana mikono ya kusuka mmea huo. Mkeka wa mafunjo ni mwepesi, wa baridi, na bei yake haiumizi. Kasoro yake ni kwamba jua kali linaukatakata na unyevu unauotesha ukungu. Ni kitu cha kivulini. Hapo mkeka haujakosea chochote. Kosa ni la anayeutandika palipo wazi akitegemea udumu.

Kwa upande wa Serengeti kulikuwa na chaguo jingine: ngozi za porini. Waikoma, Wanata na majirani zao walikuwa wawindaji hodari, na ngozi ya mnyama wa porini ilikuwa kitu cha kawaida nyumbani. Mwaka 1951 hifadhi ya taifa ikatangazwa, na sheria zikaendelea kukaza miaka iliyofuata, mpaka hii ya wanyamapori ya 2009 inayotumika sasa. Kile alichokalia babu kimekuwa "nyara za Serikali". Hili si neno la kwenye makaratasi tu. Mahakama ya Mugumu inazijua kesi hizo vizuri, na wapo waliokula miaka 20. Kipande kidogo tu hakikusaidii, kwa sababu thamani inayopigiwa hesabu ni ya mnyama mzima.

Kwa hiyo anayetamani ngozi ya pundamilia kibarazani, eti kwa kuwa ameiona kwenye picha za kambi ya kitalii, na akatokea jamaa wa kumuuzia kimyakimya, ajue picha hiyo inaweza kugeuka kielelezo. Vitambaa vilivyochapwa mistari vimejaa sokoni. Avute hivyo.

Tukirudi kijijini, nacho kibaraza chenyewe kina historia yake. Nyumba ya msonge haikuwa na varanda ya kupiga pozi. Nje ilikuwa uwanja. Katika Operesheni Vijiji, kati ya 1973 na 1976, watu walihamishwa wakapangwa kwenye vijiji, na kadiri miaka ilivyokwenda nyumba za pembe nne na bati zikazidi. Ukaja ukuta wa mbele, ukaja upenyo wa kukaa mbele ya mlango huku unaona nani anapita. Katikati ya miaka ya 1980 biashara ilipolegezwa, bidhaa za nje zikarudi madukani baada ya ukame mrefu, na mikeka ya plastiki ikapata njia. Pale Sirari mpakani vitu vinaingia na kutoka kila siku.

Wapenda mapambo wanaudharau mkeka wa plastiki, lakini kwa nje bado haujapata mpinzani. Maji yanapita, hauozi, vumbi linaondoka kwa kuukung'uta mara mbili. Nyasi bandia zinataka sakafu yenye mteremko maji yatoke, la sivyo zinafuga mbu na harufu. Kapeti la manyoya ni la ndani, hata muuzaji aape vipi. Adui wa plastiki ni jua: rangi inapauka, nyuzi zinakatika, kwa hiyo ule mzito wenye nyuzi zilizobana ndio wa kununua. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 1, 2019 haikuugusa.

Tena una kazi ambayo kapeti la picha haliiwezi. Msiba ukitokea mtaani, mikeka ya nyumba kumi inakusanyika uwanja mmoja, akina mama wanakaa usiku kucha. Ndiyo maana mingi ina jina la mwenyewe pembeni, limeandikwa kwa rangi au kushonwa kwa uzi, ili baada ya matanga kila mmoja urudi kwao.