Kiziwi wa Alabama na shule za Afrika

Mwaka 1957, miezi michache baada ya Ghana kupandisha bendera yake, kulikuwa na jengo moja la shule katika mtaa wa Osu, Accra, ambalo halikupumzika baada ya masomo. Wanafunzi wa kawaida walipokwenda nyumbani, madarasa yaliazimwa na Mmarekani mweusi wa miaka 32, na waliokuja kukaa kwenye madawati ni watoto pamoja na watu wazima ambao kengele ya shule haikuwa na kazi kwao. Mwalimu naye hakuisikia. Aliitwa Andrew Foster, na alikuwa kiziwi tangu akiwa na miaka 11.

Alama alizowafundisha ndizo alizozoea kwao. Fungua kiganja, gusa kidevu kwa ncha ya kidole gumba: mama. Pandisha kidole gumba hicho hicho hadi kwenye paji la uso: baba. Kisha neno likaandikwa ubaoni kwa Kiingereza na kutajwa herufi moja moja kwa vidole vya mkono mmoja. Kwa mtu aliyelelewa nyumbani bila lugha yoyote zaidi ya kuashiriwa njoo, kula, nenda, hayo yalikuwa makubwa.

Tumezoea kuwasoma wafadhili wa shule za watoto wenye ulemavu kwa sura moja: kikundi cha wazungu, kanisa au klabu ya mji fulani wa Ulaya, wiki mbili za kupaka rangi bweni, picha za pamoja, halafu kimya mpaka mwaka ujao. Sisemi rangi haisaidii. Ila historia ya elimu ya viziwi barani mwetu ina habari ya mtu mwingine kabisa, na inashangaza kwamba huku Afrika Mashariki wanaomfahamu ni wachache, ilhali alifia kwenye udongo wetu wa Maziwa Makuu.

Foster alizaliwa mwaka 1925 huko Ensley, Alabama, katika Marekani ya kusini iliyotenga watu kwa rangi. Homa ya uti wa mgongo ilimpiga yeye na mdogo wake, wote wawili wakapoteza usikivu. Shule iliyowapokea ilikuwa Talladega, na jina lake lilisema waziwazi kuwa ni ya viziwi na wasioona ambao ni weusi. Masomo ya pale hayakufika mbali. Akiwa na miaka 17 akahamia Michigan, na huko Detroit akawa anafanya kazi na kusoma kwa njia ya posta hadi akapata cheti cha sekondari mwaka 1951. Aliomba nafasi katika Chuo cha Gallaudet, Washington, chuo cha viziwi kilichojulikana kuliko vyote duniani, akakataliwa kwa rangi yake. Aliendelea kuomba. Mwaka 1954 akawa mtu mweusi wa kwanza kuhitimu shahada pale, mwaka ule ule Mahakama Kuu ya Marekani ilipopiga marufuku ubaguzi wa rangi katika shule za umma.

Wazo la kwenda ng'ambo lilimwingia kanisani Detroit, alipoona taarifa za mmisionari aliyekuwa akihudumu Jamaica. Hapa tusimpambe zaidi ya alivyokuwa: Foster alikuwa mhubiri kwanza, mwalimu baadaye. Shirika alilolianzisha mwaka 1956 lilikuwa la kimisionari, na katika shule zake Biblia ilikwenda sambamba na hesabu. Lakini alipouliza habari za viziwi wa Afrika akagundua kuwa shule zao bara zima zilihesabika kwa vidole, nyingi kusini na kaskazini ya mbali. Cape Town, kwa mfano, walikuwapo watawa Wadominika kutoka Ireland tangu karne ya 19. Katikati hapa, kuanzia Dakar hadi Dar es Salaam, palikuwa karibu patupu.

Alipofika Afrika Magharibi akaambiwa jambo ambalo kila mwalimu wa elimu maalumu atalitambua: hapa hatuna watoto viziwi. Walikuwapo, ila hawakuonekana. Wengine walifichwa kwa aibu, wengine waliachwa shambani na jikoni, kazi zisizohitaji maelezo. Darasa la Osu lilipofunguliwa, watu wakaanza kuwaleta wenyewe, na nafasi zikawa hazitoshi. Mwaka 1959 shule ikahamia Mampong-Akuapem, milimani kaskazini ya Accra, ikawa ya bweni.

Fedha zilitoka wapi? Kwa sehemu kubwa, mifukoni mwa watu wa kawaida wa Marekani, wakiwamo viziwi wenzake. Foster alijigawa: miezi kadhaa Afrika, miezi kadhaa akizunguka makanisa na vilabu vya viziwi nyumbani, akieleza na kukusanya. Mwaka 1959 alihudhuria mkutano wa Shirikisho la Viziwi Duniani huko Wiesbaden, Ujerumani, akakutana na Berta Zuther, Mjerumani, kiziwi pia. Walioana mwaka 1961 Nigeria, wakajaliwa watoto watano. Baadaye familia ikaweka makazi Flint, Michigan, na shughuli za shirika zikaendeshwa kutoka huko. Kazi za namna hii huandikwa kwa jina la mume. Anayebaki nyumbani na watoto, mahesabu na barua hutajwa kwa mstari mmoja, kama nilivyofanya mimi sasa hivi.

Ibadan ilifuata mwaka 1960, kisha Kaduna na Enugu. Baada ya hapo akaingia nchi zinazotumia Kifaransa: Ivory Coast, Togo, Benin, Kameruni, Chadi, hadi Zaire ya wakati ule. Kwa jumla anahesabiwa kuwa mwanzilishi wa shule 31 katika nchi 13. Hakuna mtu mmoja anayeweza kuziendesha zote, na hapo ndipo ilipo tofauti ya Foster na wafadhili wengi. Hakujaribu kuziendesha. Aliwaita Ibadan vijana viziwi wa nchi mbalimbali, akawafundisha kufundisha, akawarudisha kwao kuwa walimu na wakuu wa shule. Wengine walivuka bahari kwenda kusoma Gallaudet, chuo kile kile kilichomfungia mlango. Mtoto kiziwi wa Lomé au Kinshasa alimkuta mbele ya darasa mtu mzima kiziwi, mwenye mshahara na heshima, na wazazi wakamwona pia. Ukiniuliza, hilo lilishinda majengo.

Linganisha na kwetu. Shule za mwanzo za viziwi Afrika Mashariki zilifunguliwa karibu miaka hiyo hiyo: Mumias na Nyang'oma, magharibi mwa Kenya, mwaka 1961, Tabora mwaka 1963. Zote zilitokana na juhudi za Wakatoliki, na watu waliojitolea kuzijenga walistahili shukrani. Ila walikuja na imani ya elimu ya Ulaya ya enzi hizo, kwamba kiziwi afundishwe kutamka na kusoma midomo, mikono itulie. Imani hiyo ilipata nguvu katika mkutano wa elimu ya viziwi uliofanyika Milan, Italia, mwaka 1880, ambako kati ya wajumbe 164 kiziwi alikuwa mmoja tu. Waliobaki wakapiga kura kuhusu mikono ya watu wengine.

Jaribu kusoma midomo ya mtu anayesema "baba", kisha "mama", kisha "papa". Midomo inafunga na kufunguka vile vile mara tatu. Kwa njia hiyo mtoto aliyezaliwa kiziwi alitarajiwa kujifunza kwanza lugha, kisha masomo, na akifeli ilisemwa ni mzito wa kuelewa. Katika shule nyingi za mtindo huo, duniani kote, wanafunzi walikatazwa kutumia ishara darasani. Wakawa wanazungumza bwenini usiku, taa zikiwaka, na huko ndiko lugha za alama zilikokua kwa kweli. Shule ya viziwi ya Buguruni, Dar es Salaam, ilipofunguliwa mwaka 1974, bado hali ilikuwa hiyo.

Kwa hiyo ingekuwa rahisi kumpa Foster ushindi wote. Kuna deni moja. Alama alizobeba zilikuwa za Marekani, na alizipanda popote alipofungua darasa, kana kwamba ardhi ilikuwa tupu. Haikuwa tupu. Kwenye milima ile ile ya Akuapem, si mbali na Mampong, kuna kijiji cha Adamorobe ambako uziwi wa kurithi umekuwapo kwa vizazi vingi. Wanakijiji wana lugha yao ya alama, wanaosikia na wasiosikia wanaielewa, na haina udugu wowote na ile ya Washington. Mtaalamu wa isimu Victoria Nyst aliichambua kwa kirefu katika kazi aliyoichapisha mwaka 2007. Leo watoto viziwi wa Adamorobe hupelekwa bweni Mampong, hurudi likizo na alama za shule, na lugha ya babu zao inazidi kubaki na wazee. Hakuna aliyepanga kuiua. Shule nzuri ilijengwa karibu, basi.

Watetezi wa Foster hujibu kwamba bila alama hizo viziwi wa Afrika Magharibi na Kati wasingeweza kuelewana kama wanavyoelewana sasa, kutoka Senegal hadi Kongo. Ni kweli, na walizigeuza zikawa zao kiasi kwamba Mmarekani wa leo akitua Abidjan atakwama mara nyingi. Hata hivyo, anayekwenda kujitolea ng'ambo hubeba zaidi ya chaki na daftari, na Foster, aliyeujua ubaguzi kwa mwili wake, hakuwa na kinga dhidi ya hilo.

Tarehe 3 Desemba 1987 alipanda ndege ndogo ya kukodi nchini Rwanda, akielekea Nairobi. Ndege ikaanguka Gisenyi, karibu na Ziwa Kivu. Hakuna aliyenusurika. Alikuwa na miaka 62, na shule hazikufungwa. Nyingine zilichukuliwa na serikali, nyingine zikabaki mikononi mwa wanafunzi wake wa zamani, zikihangaikia ada na chakula kama shule nyingine yoyote ya bweni. Gallaudet ilikuwa imemtunuku shahada ya heshima mwaka 1970, na mwaka 2004 ukumbi mmoja wa chuo hicho ukapewa jina lake.

Kenya, alikokuwa akielekea siku ile, ilipita njia yake. Miaka ya 1980 kukatazwa kwa alama darasani kulianza kulegea, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanza utafiti wa Lugha ya Alama ya Kenya, watafiti viziwi wakiwamo. Katika miaka hiyo wakaja pia vijana wa Peace Corps, shirika la kujitolea la Marekani ambalo mwaka 1961 lilituma makundi yake ya mwanzo Ghana na Tanganyika. Safari hii walikuja kufundisha shule za viziwi, na baadhi yao walikuwa viziwi wenyewe. Kabla ya kupelekwa Nyanza, Magharibi au Pwani walifundishwa alama za Kenya kwanza. Mmarekani kiziwi, mwenye ufasaha wa alama za kwao, alikaa chini kujifunza upya jinsi ya kusema maji na ugali.

Katiba ya mwaka 2010 iliifanya Lugha ya Alama ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi tatu za Bunge la Kenya, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Peace Corps ilisimamisha shughuli zake Kenya mwaka 2014 kwa sababu za usalama, na vijana wake wakarudi kwao. Vipindi havikusimama, kwa kuwa katika shule nyingi alikuwapo tayari mwalimu Mkenya kiziwi wa kuvishika.